Kutoka Songea Hadi Nungwi na Nyimbo Mbili Zisizosikilizwa

Tangu nishuke basini Alhamisi, kila anayeniona ananiuliza swali lile lile: "Mama Nasra, hizo nyimbo ulizozifuata kote huko, ni nzuri kweli?" Mwalimu Komba ameniuliza dukani. Mama Upendo ameniuliza msibani, katikati ya wali. Nimeona niandike mara moja, msome kwa zamu, na mie nipate kupumua. Habari za tiketi na vitambulisho nitaziruka, maana hizo hata mwenyewe sitaki kuzikumbuka.

Wengi wenu mnanijua kama muuguzi mstaafu, mjane wa marehemu Ngonyani, mama anayewafokea watoto wasionawa mikono. Hamjui kwamba nilipokuwa na miaka kumi na sita, kule kwetu Unguja, nilikuwa na wazimu wa muziki wa roki. Mtaani Vuga, ndani ya Mji Mkongwe, walikuwapo vijana wanne wakijiita Radi ya Vuga. Watatu walipiga magitaa ya umeme, wa nne alipiga ngoma za kuazima. Babu yangu alisema wanapiga mabati. Mie na rafiki yangu Miza tulisema hakuna kitu kizuri kama kile chini ya mbingu.

Miza ni mtu wa Nungwi, lakini alikuja kusoma mjini akakaa kwa shangazi yake, na paa la shangazi lilipakana na chumba walichofanyia mazoezi Radi. Kila alasiri tulipanda kuanua nguo. Nguo zenyewe zilikuwa mbili, lakini kuzianua kulichukua saa nzima.

Tulikuwa na sharti moja. Wimbo mpya hausikilizwi na mtu peke yake. Sharti hilo lilitokana na surua: nilipougua, Miza akausikia wimbo mpya bila mie, akaja kitandani kuniimbia wote, na gitaa akalipiga kwa mdomo. Nilipokuja kuusikia wenyewe niliona nimekula chakula kilichotafunwa. Nikamnunia wiki nzima. Baada ya hapo tukaapa.

Bendi ikavunjika, tukaolewa, mie nikamfuata mume wangu huku Songea. Kwa miaka mingi tulipigiana simu, tukacheka, tukasengenya. Kisha, kama miaka miwili hivi, Miza akaacha kupokea. Nikipiga, simu inaita mpaka inakatika. Baada ya saa moja unaingia ujumbe: "Salama. Nasalimia." Ngonyani alipofariki alipokea mara moja tu, akasema "ndiyo, ndiyo", akakata, kisha nikapata maneno matatu kwenye simu: "Pole. Mungu amrehemu." Maneno matatu, kutoka kwa mtu aliyewahi kunieleza kwa saa nzima jinsi ya kukaanga dagaa. Nililia kwa ajili ya mume wangu, na nikalia pembeni kidogo kwa ajili ya Miza, ambaye nilijua yu hai.

Basi ndipo mwezi uliopita mwanangu Nasra akaniletea nyimbo mbili kwenye simu. "Mama, si bendi yako hii?" Radi ya Vuga, baada ya umri wote huu, wametoa singo mbili kwa mpigo: "Taa ya Betri" na "Ukuta wa Chokaa". Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikakiondoa. Nikampigia Miza, na ajabu, siku hiyo alipokea.

"Miza! Radi wametoa nyimbo mpya!"

"Naam?"

"Radi! Nyimbo! Usisikilize, nnakuja!"

"Njoo," alisema, kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Uko wapi siku hizi?"

Simu ikakwaruza. Nikasikia "…Chwaka, shoga," kisha ikakatika.

Chwaka ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Nilijua Miza alikuwa ameshahama mjini, sikuwa na sababu ya kushangaa. Nikafunga begi.

Songea hadi Mafinga

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, Mama Tumaini, mwenye roho nzuri kupita kiasi. Hatujafika Njombe alikuwa ameshanilisha ndizi tatu, na mie nimeshamsimulia habari za Radi, za Miza na za nyimbo nilizozibeba bila kuzisikiliza. Alinisikiliza kwa huruma. Akatoa simu yake kubwa, akapapasa papasa, na mara basi zima likajaa gitaa.

"Hizi hapa, mama! Ya nini kuteseka?"

Nilipiga ukelele, nikaziba masikio, nikainama mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele. Abiria wakadhani nimeshikwa na ugonjwa. Mtu akasema nipepewe, mwingine akasema nilazwe, utingo akaja na chupa ya maji akanimwagia kichwani. Mama Tumaini akazima simu, akawa ananiomba radhi huku akinikausha kwa kanga yake. Nilikuwa nimesikia kama nukta nne za gitaa, si zaidi. Lakini nukta hizo nne, jamani! Gitaa lilikuwa lile lile, lenye mkwaruzo mwishoni kama mlango wa bati. Nilikaa na tabasamu na shungi limeloa mpaka Makambako.

Karibu na Mafinga basi likakataa kubadili gia. Tulikaa kando ya misitu ya misonobari kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni, kwa baridi isiyomjua mtu wa pwani. Wanawake wa hapo walituletea viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Mama Tumaini akanifunga shuka lake mabegani, na kwa muda wote huo hakugusa simu. Ndani ya baridi ile nilianza kujiuliza jambo nililolikwepa tangu nyumbani. Ikiwa Miza amenichoka, je? Ikiwa "njoo" lile lilikuwa la adabu tu, ya kumwambia mtu asiyeweza kuja? Nikamuuliza Mama Tumaini.

"Utajua ukimwona uso," alisema. "Simu haina uso."

Dar es Salaam hadi Unguja

Dar nilifika nimepondeka, nikalala kwa mpwa wangu. Asubuhi bahari ilikuwa imechafuka, boti ya kwanza ikaahirishwa, na ya pili nayo. Tuliokuwa tunasubiri tulikula kashata mpaka meno yakauma. Boti ilipoondoka hatimaye, haikwenda mbele tu, ilikwenda na juu na chini. Kwa mara ya kwanza tangu Songea sikuwaza nyimbo wala Miza. Niliwaza tumbo langu.

Nilipoyaona majengo ya mjini yakitokea, meupe na yenye kutu ya mvua, niliona aibu jinsi macho yalivyonijaa. Mzee mmoja aliyekuwa karibu yangu alinipa leso akasema, "Pole, bahari leo mbaya." Nikaipokea. Sikuwa na haja ya kumweleza.

Mji Mkongwe

Nilikuwa na saa chache kabla ya kupata gari ya Chwaka, nikapita Vuga kuitazama nyumba ya shangazi yake Miza. Paa lipo, kamba za nguo zipo, wenyeji ndio wengine. Chumba cha mazoezi sasa ni cha kinyozi. Na kinyozi yule, bila shaka kwa fahari ya mtaa, alikuwa amefungulia "Taa ya Betri" kwa sauti ya kutikisa kioo.

Niliitambua kwa zile nukta nne. Nikaziba masikio papo hapo, begi likaanguka, nikasimama uchochoroni nimefumba macho kama kwamba kutazama nako ni kusikia. Ilikuwa Ijumaa. Kinyozi akanitazama, akatazama saa yake, akashtuka. Muziki ukanyamaza.

"Samahani sana, bi mkubwa," alisema, ameweka mkono kifuani. "Wallahi sikujua kama wakati ushaingia. Asante kwa kunikumbusha."

Akafunga duka akaenda msikitini. Na mie nikaokota begi langu, nimepewa thawabu nisiyoifanyia kazi.

Chwaka

Chwaka niliwauliza wanawake waliokuwa wakianika mwani mbele ya nyumba: "Namtafuta Miza."

"Miza yupo," walisema, wakanipeleka.

Hodi ilipojibiwa, alitoka bibi wa miaka themanini, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa, lakini karibu. Ushakula?"

Kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimekalishwa mkekani mbele ya sahani ya muhogo na pweza wa nazi. Mnielewe: nilikuwa sijala kitu cha kueleweka tangu viazi vya Mafinga. Nikala. Bibi yule akawa ananieleza habari za mwani, jinsi unavyokufa siku hizi maji yakipata joto, na kila mara anauliza, "Hilo nalo mtaliandika?" Nami kwa adabu naitikia, "Tutaliandika." Nilidhani ni mama mkwe wa Miza wangu. Yeye alidhani mie ni bibi wa ofisini aliyeahidiwa kuja kuwasikiliza wakulima wa mwani.

Tulikuja kugundua kwenye chai, kwamba Miza niliyeletwa kwake ni yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akajilaza ubavu. Mie sikucheka. Nilimwambia kila kitu, Radi, nyimbo, miaka miwili ya ujumbe mfupi. Akaniambia, "Mpigie."

Nikapiga. Miza akapokea, akasema "Nani? Nani?" mara tano, akakata. Nikamwandikia: "Nipo Chwaka. Wewe uko wapi?"

Jibu likaja upesi: "Chwaka? Unafanya nini Chwaka? Mie nipo kwetu Nungwi, nina mwaka wa pili. Njoo, Zuwena. Tafadhali njoo."

Bi Miza alitaka nimsomee jibu mara mbili. "Mtu aliyekuchoka," alisema, "haandiki tafadhali." Akamwita mkwewe, aliyekuwa anapeleka pweza Mkwajuni kwa keri, kile kigari kidogo cha mizigo, akamwamuru anifikishe hadi Nungwi. Nikaahidi kuyaandika ya mwani, na hapa nimeyaandika: maji yamekuwa ya moto, mwani unaoza, na wanawake wa Chwaka wanataka mtu aje awasikilize.

Nungwi

Mumewe Miza, Makame, ana mashine ya kusaga nafaka na viungo, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Nilimkuta mlangoni amejaa unga mpaka kwenye nyusi. Alinisalimia kwa furaha, kisha akashusha sauti.

"Bi Zuwena, ukizungumza naye, zungumza kwa nguvu. Kaa upande wake wa kulia. Kushoto hamna kitu."

"Hamna kitu vipi?"

"Sikio. Miaka ishirini pembeni ya mashine hii, tangu tulipokuwa nayo mjini. La kushoto lishakwisha, na la kulia linafuata. Hakukwambia?"

Nilisimama pale, mashine inanguruma, na miaka miwili ikajipanga upya kichwani mwangu. Simu zisizopokewa. Maneno matatu ya rambirambi. Ile sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

Miza alitoka ua wa nyuma akiwa na ungo mkononi. Amenenepa, amepata mvi, na meno yake yenye mwanya yapo pale pale. Aliniona, akauweka ungo chini polepole, akaja kunikumbatia kwa nguvu hata nikakosa pumzi. Mama Tumaini alisema kweli juu ya nyuso.

Tulipokaa nikamwuliza, upande wa kulia, kwa sauti ya wodini: "Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie kwa simu?" alisema. "Simu ndiyo nisiyoisikia."

"Ungeandika!"

Akaitazama mikono yake. "N'liona haya. Alipofariki Ngonyani ulinipigia, n'kasikia unalia tu, maneno siyapati hata moja. N'kawa nakwambia 'ndiyo, ndiyo', sijui nakubali nini. N'kakata. Nikajiona mtu mbaya kabisa. Baada ya hapo kila simu yako n'lizidi kuiogopa."

Tukalia, bila shaka. Kisha nikakumbuka jambo lililokuwa likinisumbua. "Na Chwaka? Nilikuuliza uko wapi, ukasema Chwaka."

Akafikiri. Mara akaangua kicheko. "Uliniuliza niko wapi? Mie n'lisikia u vipi! N'kakujibu, 'Aa, n'shachoka, shoga!'"

Makame alizima mashine aje kuona kuna nini, akatukuta tumeegemeana tunapigapiga mkeka.

Asubuhi yake tukasikiliza. Makame aliazima spika kubwa kwa jirani anayekodisha vyombo vya harusi, akaiweka ndani ya chumba cha mashine, akafunga milango, akatoka. Kabla sijabonyeza, Miza akanishika mkono.

"Nna la kuungama. N'shajaribu peke yangu. Siku uliyonipigia."

"Miza!"

"N'liogopa usije ukawasha, mie nikakaa hapa kama gogo, nisisikie kitu. N'kaweka sikio kwenye simu. N'kasikia kama mtu anasaga mtama."

Nami nikamweleza habari ya nukta nne na maji ya utingo. Tukasameheana. Nikawasha "Taa ya Betri".

Nitawaambieni ukweli, kwa sababu mmeniuliza kama ni nzuri. Mara ya kwanza moyo ulinishuka. Sauti ya mwimbaji imekuwa nzito, inapanda kwa tabu, na mahali alipokuwa akiruka sasa anatembea. Miza alikuwa amebandika viganja vyote viwili kwenye spika, amefumba macho, sikio la kulia limeelekea kwangu. Maneno hayapati, kwa hiyo nikawa nayarudia sikioni mwake ubeti kwa ubeti, nikiyasikia na kuyasema kwa wakati mmoja. Wimbo ni wa mtu anayetembea gizani na taa ndogo, akihesabu nyumba za rafiki zake wa zamani. Nilipofika kati nikagundua kuwa sauti ile nzito ndiyo inayoyafaa maneno yale. Kijana asingeweza kuyaimba. Kijana angelitembea bila taa.

"Mpiga ngoma kachelewa," Miza alisema ghafla, kwa sauti ya kupasua paa.

"Wapi?"

"Hapo! Kila akizunguka anachelewa kidogo, vilevile kama zamani! Naipata hapa," akanionyesha viganja. "Huyu ni yeye yule, hawakubadilisha mtu!"

Mie sikuwa nimeisikia. Nikarudisha, nikaweka viganja vyangu karibu na vyake, na kweli, ile ngoma ilikuwa inafika nusu hatua baadaye, kama ilivyofika miaka ile tulipokuwa juu ya paa. Tulisikiliza "Taa ya Betri" mara tisa. Mara ya sita Makame alibisha akitaka kusaga mchele wa watu. Tukamwambia mchele usubiri.

"Ukuta wa Chokaa" Miza alikataa tuuguse siku hiyo. Alisema shibe moja inatosha.

Mjini tena

Nilibaki Nungwi siku nne. Kila siku nilimpima Miza masikio kwa njia zangu za kiuguzi, na kila siku nilimwambia twende hospitali. Kila siku alisema ni kazi ya Mungu. Siku ya nne nilimwambia kwamba na pampu ya maji ni kazi ya Mungu, lakini ikiharibika Makame anaita fundi. Alininunia mpaka adhuhuri, kisha akaenda kuvaa baibui.

Daktari wa masikio mjini alikuwa mwanamke mpole, aliyezungumza na Miza badala ya kuzungumza na mie. La kushoto, alisema, halirudi. La kulia linaweza kusaidiwa, na akiendelea kukaa penye mashine bila kinga litakwenda nalo. Akamvalisha kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, cha nyuma ya sikio, aondoke nacho akijaribu. Miza akageuka akaitazama feni ya darini.

"Kumbe inapiga kelele," alisema.

Alasiri tukaenda Forodhani. Wauza vyakula walikuwa wanaanza tu kupanga meza zao. Tulikaa kwenye benchi na mabakuli ya urojo, Miza akigusagusa nyuma ya sikio kila dakika na kulalamika kwamba watu wanatafuna kama ng'ombe. Boti yangu ilikuwa kesho yake asubuhi. Nilimwambia, "Ule wimbo wa pili tuuweke. Uwe sababu ya kukutana tena mwakani."

Alitikisa kichwa.

"Tuusikilize leo, Zuwena. Mie siwezi kukuahidi sikio la mwakani."

Nikaiweka simu kati yetu, karibu na bega lake la kulia, nikawasha "Ukuta wa Chokaa". Huu hauna haraka. Unaanza kwa gitaa moja tu, na ngoma inakuja baadaye sana. Miza aliuacha urojo upoe. Midomo yake ilikuwa inatikisika, inayafuata maneno, mengine anayapata, mengine anayakosa, na alipolipata moja aliinua kidole kama mwanafunzi anayejua jibu. Mkwaruzo wa mwisho ulipokuja, ule wa mlango wa bati, alifumbua macho, yamejaa maji.

"Ubeti wa mwisho sikuupata," alisema. "Anasemaje?"

"Sijui," nikamwambia. "Nilikuwa nakutazama wewe."

"Basi rejesha."

Nikarejesha.